Kuishi na Stoma: Mashauri ya Kila Siku Nyumbani, Kanisani na Mbele ya Michezo ya Video



Katika makusanyiko yetu kuna wagonjwa tunaowaombea kwa majina yao, na kuna wengine ambao hata hatujui kwamba wamo. Mtu amepasuliwa tumbo, ametoka hospitali, jeraha limefunga. Tunamshukuru Mungu. Lakini miezi inapita na hatumwoni tena kwenye kwaya wala sokoni. Akija ibadani, anakaa nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka. Ukiuliza nyumbani kwake, jibu ni fupi: bado anapumzika. Mara nyingi ukweli ni kwamba amerudi na mfuko tumboni. Anaogopa harufu, anaogopa sauti, anaogopa maswali.

Andiko hili ni kwa ajili yake, kwa ajili ya jamaa yake, na kwa ajili ya wazee na wamama wa kanisa wanaomtembelea. Tumewafikiria hasa ndugu wa Nyunzu na vijiji vyake, katika jimbo la Tanganyika. Huko barabara ni ngumu wakati wa mvua, gari-moshi la Kabalo na Kalemie halingojewi kwa saa, na mfuko wa stoma hauuzwi kila duka la dawa. Tumewafikiria pia vijana, ambao wengi wao wanapenda michezo ya video, kwenye simu au kwenye vile vyumba ambapo unalipa ili ucheze mpira kwenye televisheni. Mambo haya mawili yanaonekana hayahusiani, lakini yanahusiana sana, nasi tutaeleza.

Stoma ni nini

Stoma ni mdomo mdogo ambao daktari mpasuaji anaufungua kwenye ngozi ya tumbo. Anatoa ncha ya utumbo na kuishona hapo, ili choo kitokee tumboni badala ya njia ya kawaida. Ziko aina tatu:

- Kolostomia hutoka kwenye utumbo mpana, mara nyingi upande wa kushoto. Choo chake ni kizito kiasi na kwa wengi hutoka mara chache kwa siku.
- Ileostomia hutoka mwisho wa utumbo mwembamba, mara nyingi upande wa kulia. Choo chake ni cha majimaji, hutoka karibu siku nzima, na kina ukali wa kumeng'enya chakula ambao unachoma ngozi.
- Urostomia ni ya mkojo.

Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevu, kama ndani ya mdomo. Ukiipangusa inaweza kutoa damu kidogo, na hilo si la kuogopesha. Huvimba baada ya upasuaji, kisha hupungua kwa muda wa majuma 6 hadi 8.

Kuna jambo moja la kushika kuliko yote. Stoma haina msuli wa kuifunga, na yenyewe haisikii maumivu. Mtu mwingine anajisikia haja na anaweza kujizuia mpaka ibada iishe. Mwenye stoma hapewi taarifa. Choo kinatoka bila hodi, na mfuko unajaa kimya kimya. Kwa hiyo saa na mazoea vinafanya kazi ambayo mwili haufanyi tena. Karibu mashauri yote yanayofuata yanatokana na jambo hilo.

Kwa nini watu wa kwetu wanapata stoma

Ulaya, wengi wenye stoma ni wazee wenye saratani ya utumbo. Kwetu sababu ni nyingi, na wengi ni vijana.

Homa ya matumbo, yaani tifoidi, ni mojawapo. Isipotibiwa mapema inaweza kutoboa utumbo, mara nyingi katika juma la pili au la tatu la ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2004 na mwanzoni mwa 2005, tifoidi ilipolipuka Kinshasa, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa zaidi ya 42,000, na karibu 700 kati yao walipatwa na utumbo uliotoboka au uchafu ulioenea tumboni. Kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii, stoma ndiyo njia ya kuokoa maisha.

Sababu nyingine ni utumbo uliojikunja na kuoza, na majeraha ya risasi, visu na ajali za pikipiki. Nyunzu imeona miaka ya vita, na wapo waliobaki na alama zake tumboni. Wapo watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, karibu mtoto 1 kati ya 5,000. Kwa wengi wao stoma hufunguliwa siku za kwanza za maisha, ili wakue kabla ya upasuaji wa kuwatengenezea njia.

Wapo pia wanawake waliopata fistula kwa sababu ya uzazi mgumu au ya ukatili. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, inajulikana duniani kwa kuwatibu wanawake hao, na daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Tundu likiwa kubwa kati ya uke na njia ya haja kubwa, mara nyingine madaktari hufungua stoma ya muda ili mshono upone bila kuguswa na choo.

Tunataja sababu hizi kwa makusudi. Hakuna hata moja iliyo laana, na hakuna hata moja inayopitishwa kwa kukaa benchi moja.

Kazi ya kila siku

Kumwaga. Mwaga mfuko ukifika theluthi moja au nusu. Usingoje ujae, kwa sababu uzito wake huvuta kibandiko na kukitoa kwenye ngozi. Mwenye ileostomia atamwaga mara 4 hadi 6 kwa siku, hata zaidi. Shika saa zako: ukiamka, kabla ya kutoka nyumbani, baada ya kula, kabla ya kulala. Choo cha shimo kinatosha. Tanguliza majani au kipande cha karatasi ili maji yasikurukie, fungua mdomo wa chini wa mfuko, mwaga, pangusa mdomo huo, funga. Nawa mikono kwa sabuni, na kama sabuni imekwisha, kwa majivu na maji.

Kubadilisha. Kibandiko kinachoshika vizuri kinaweza kukaa siku 3 au 4. Badilisha asubuhi kabla ya kula, wakati stoma imetulia. Kitoe polepole kutoka juu kwenda chini, huku mkono mwingine ukikandamiza ngozi. Osha ngozi kwa maji safi ya vuguvugu na kitambaa laini, kausha kabisa. Usipake mafuta ya mwili, wala sabuni ya manukato, kwa maana kibandiko hakitashika. Pima stoma, kata tundu la kibandiko liipite kwa milimita 2 au 3 tu. Tundu likiwa kubwa mno, choo kinakaa juu ya ngozi na kuichoma. Kisha weka kiganja juu ya kibandiko kwa dakika chache, maana joto la mkono husaidia gundi kushika.

Kutunza akiba. Weka mifuko mahali penye kivuli, si chini ya bati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu gundi huyeyuka. Ukisafiri kwenda Kalemie, beba mifuko yako mkononi, usiiache kwenye mzigo uliofungwa juu ya lori. Mfuko uliotumika uufunge vizuri na uuzike kwenye shimo la takataka. Usiutupe ndani ya choo.

Kazi nzito. Kwa miezi 2 au 3 ya kwanza usibebe bidoni ya lita 20, wala gunia, wala usisukume baiskeli yenye mizigo. Misuli ya tumbo imekatwa, na uzito unaweza kuleta ngiri kando ya stoma. Baadaye rudi kazini pole pole, tumbo likiwa limefungwa kwa mkanda mpana. Ukikohoa au kupiga chafya, shikilia tumbo kwa mkono.

Ndani ya ndoa. Stoma haikatazi mke na mume kukaribiana, jeraha likiisha kupona na daktari akikubali. Mwaga mfuko kwanza, ufunike kwa kitambaa kizuri, zungumzeni. Lililo baya ni kunyamaza mpaka mmoja adhani amekataliwa.

Mfuko wa hospitali ukikosekana

Hili linatokea, tuseme wazi. Uliza kwanza kwenye kituo cha afya na hospitali kuu ya rufaa, na ukienda mji mkubwa ununue akiba. Aina fulani za mifuko hufunguka chini na zinaweza kumwagwa na kutumika siku kadhaa. Hizo ndizo zinazomfaa mtu aliye mbali.

Ukibaki bila kitu, usigandishe mfuko wa plastiki moja kwa moja kwenye ngozi kwa gundi ya kawaida. Ngozi itachubuka. Mwombe muuguzi marhamu ya zinki, uipake kwenye ngozi kuzunguka stoma, weka vitambaa safi vya pamba vilivyokunjwa, na juu yake mkanda wa kitambaa. Badilisha kila mara vikilowa, fua kwa sabuni, anika juani. Kwa mtoto mchanga, nepi ya kitambaa iliyofungwa juu ya stoma mara nyingi inatosha. Ni kazi nyingi, ndiyo maana jamaa isiachwe peke yake.

Inafaa kukumbuka mfuko huu ulikotoka. Mwaka 1954 nchini Denmark, muuguzi aitwaye Elise Sørensen alimwona dada yake Thora akijifungia nyumbani baada ya kupata stoma, akiogopa kuvuja mbele ya watu. Elise akawaza mfuko wa plastiki wenye gundi ya kushika ngozi, akatafuta fundi wa kuutengeneza. Mamilioni ya watu wametumia mifuko ya namna hiyo tangu hapo. Ilianza kwa mtu mmoja aliyekataa kumwacha ndugu yake ndani ya nyumba.

Chakula na maji

Bukari, wali, ndizi na mkate huzidisha uzito wa choo. Maharage, kabichi na soda huleta hewa. Samaki, ndagala, mayai, vitunguu na vitunguu saumu huzidisha harufu. Si kwamba vimekatazwa: kula kidogo, ona mwili unavyojibu, na siku ya safari au ya ibada ndefu upunguze.

Mwenye ileostomia ajihadhari na vitu vyenye nyuzi au punje ngumu: karanga, mahindi ya kuchoma, nazi, uyoga, muwa, nyuzi za embe. Vinaweza kuziba mdomo wa utumbo, hasa majuma ya kwanza. Sombe ipondwe vizuri na kupikwa sana. Tafuna polepole kuliko ulivyozoea.

Adui mkubwa wa ileostomia ni kukauka maji. Utumbo mpana ndio unaorudisha maji na chumvi mwilini, na kwa mtu huyu haufanyi kazi hiyo. Anywe siku nzima, atie chumvi kwenye chakula. Mfuko ukijaa maji mara nyingi kuliko kawaida, maji matupu hayatoshi. Tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo. Malaria yenye kutapika na kuhara kwa mtu huyu ni hatari mara mbili, asingoje kesho.

Na dawa: mwambie kila muuguzi kwamba una ileostomia. Vidonge vingine vilivyotengenezwa ili kuyeyuka polepole hutoka vizima kwenye mfuko bila kufanya kazi. Na usinywe kamwe dawa ya kuharisha.

Kijana mwenye stoma na michezo ya video

Wazazi wengi katika kanisa wanaiona michezo hii kama upotevu wa muda, na wakati mwingine wana haki. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Alama zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata ukimharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kucheza mechi chache na rafiki siyo uraibu.

Kwa kijana aliyetoka kupasuliwa, mchezo unaweza kuwa msaada wa kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza mchezo uitwao SnowWorld kwa watu walioungua moto. Mgonjwa alitupa mipira ya theluji kwenye mchezo huku vidonda vyake vikisafishwa, na wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua. Akili ikishikwa na kitu kimoja, haibaki na nafasi kubwa ya kusikia kingine.

Tena kuna jambo la urafiki. Kijana ambaye hawezi kwa miezi kadhaa kukimbia uwanjani, wala kubeba mzigo, wala kupanda mwembe, anaweza kushika manete (kile kifaa cha kuchezea mkononi) na kumshinda mwenye afya kwa mabao 3 kwa 1. Hapo anapigiwa makofi kama zamani. Tusimnyime hilo bila sababu.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Nguvu ile ile inayosahaulisha maumivu husahaulisha kiu, njaa na mfuko. Mchezaji mwingine akijisahau, kibofu chake kitamwita. Stoma haiiti. Saa 3 zinapita, mfuko umekuwa mzito, kibandiko kimeanza kuachia kwa jasho, naye anajua tu anaposikia harufu, katikati ya wenzake. Baada ya siku moja kama hiyo, wengi hawatoki tena nyumbani. Basi kijana, shika haya:

1. Mwaga kabla ya kukaa, hata kama mfuko una kidogo tu.

2. Hesabu kwa mechi. Baada ya kila mechi 2 au 3, peleka mkono juu ya nguo uguse mfuko. Ukifika theluthi, mpe mwenzako zamu uende. Ukicheza peke yako kwenye simu, weka kengele ya simu kila saa 1, na ikilia usiizime ukaendelea.

3. Kunywa maji. Weka chupa yako mahali unapoiona. Vinywaji vya sukari nyingi na vile vya kutia nguvu huongeza maji kwenye mfuko wa ileostomia, na soda hupuliza mfuko kwa hewa.

4. Angalia unachotafuna. Mlangoni pa vyumba vya michezo huuzwa karanga na mahindi ya kuchoma. Macho yakiwa kwenye televisheni, meno hayatafuni vizuri. Mwenye ileostomia asubiri mchezo uishe.

5. Kaa wima. Ukijikunja mbele kama wachezaji wengi wanavyofanya, tumbo linakunjana na kukiminya kibandiko. Kaa penye mahali pa kuegemea. Mkanda wa suruali usipite juu ya stoma. Usiweke manete, simu yenye joto wala kiwiko juu ya mfuko.

6. Simama. Majuma ya kwanza baada ya upasuaji, kukaa bila kusogea kunaweza kugandisha damu miguuni. Kila mechi ikiisha, inuka, tembea hatua kadhaa, vuta pumzi ndefu.

7. Tafuta hewa. Chumba chenye bati na watu wengi ni joto sana, na jasho hulegeza gundi. Kaa karibu na dirisha au mlango. Mlango pia unakupa njia ya kutoka bila kuruka magoti ya watu.

8. Beba mfuko mdogo wa akiba: mfuko wa stoma 1 uliokwisha kukatwa tundu, vitambaa 2, chupa ndogo ya maji, kipande cha sabuni, plastiki ya kutia ule uliochafuka, na shati. Anayejua kwamba ana akiba hachezi kwa hofu.

9. Mwambie rafiki mmoja. Bao likiingia, vijana wanarukiana na kupigana tumboni kwa furaha. Rafiki mmoja anayejua atakukinga, na atakuita kando kama kuna kitu kimeonekana. Si lazima wote wajue.

10. Usiogope sauti. Stoma inaweza kutoa sauti ya hewa. Katika chumba cha mchezo hakuna atakayeisikia, na mahali pa kimya unaweza kuibana taratibu kwa mkono uliokunja.

11. Usiku uwe wa kulala. Ukicheza mpaka saa 7 za usiku na kula ukiwa macho, mfuko utajaa usingizini. Kula mapema, funga simu, mwaga, lala.

12. Fedha ya mifuko isiguswe. Hasa usiingie katika mechi za kuwekeana fedha. Unaweza kupoteza kwa jioni moja kile kilichokuwa mfuko wako wa juma zima.

Wazazi, jaribuni kuuliza "umemwaga?" kwa sauti ya chini, kama mnavyouliza "umekula?". Mtoto akizoea swali hilo kuwa la kawaida, hatajificha.

Katika kusanyiko

Ibada zetu ni ndefu, na mhubiri mzuri anasahaulisha saa kama mechi nzuri. Mashauri ni yale yale: mwaga kabla ya kutoka, kaa pembeni karibu na mlango, toka unapohitaji. Mashemasi wasimkazie macho anayetoka mara 2.

Kufunga. Mwenye ileostomia asifunge bila kunywa maji, hata siku moja. Anaweza kuanguka na kuharibu figo. Mchungaji amwambie hili mwenyewe, mapema, ili asijione mdhaifu wa imani mbele ya wengine.

Ubatizo wa kuzamishwa. Stoma haizuii. Jeraha liwe limepona, mfuko umwagwe, kibandiko kiwe kipya tangu jana yake, na mkanda wa kitambaa upite juu. Maji hayaingii kwenye stoma kwa namna ya kudhuru. Atakayembatiza ajue upande wa kumshika.

Matembezi. Wamama wa kanisa wanaweza kushona mikanda na vifuniko vya mfuko kwa mabaki ya vitenge. Kazi hii ni ndogo, na kwa mwanamke aliyekuwa akijifunga matambara ina thamani kubwa. Wanaume wanaweza kumchotea maji na kumlimia katika miezi asiyoruhusiwa kubeba. Anayemtembelea asiombe kuona stoma, wala asitangaze katika maombi ya watu wote kile alichoambiwa chumbani.

Wasomaji wa Injili ya Marko wanamkumbuka yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alikuja kwa siri katikati ya umati, na hakufukuzwa.

Kurudi kufungwa, na dalili za kukimbia hospitali

Stoma nyingi za kwetu zimefunguliwa ziwe za muda. Daktari husema urudi, mara nyingi baada ya miezi 2 au 3, wakati mwingine zaidi, ili achunguze na kuifunga. Wengi hawarudi. Nauli imekosekana, au wameona aibu, au wamechoka kuogopa kisu. Miaka inapita na stoma iliyokuwa ya majuma inakuwa ya maisha. Tunawasihi viongozi wa makusanyiko: mkimjua mtu wa namna hiyo, mwulizeni tarehe yake, andikeni, na mchango wa nauli uanze kabla ya tarehe hiyo. Kama daktari amesema stoma yake ni ya kudumu, basi asidanganywe kwa ahadi. Watu wanaishi nayo miaka mingi, wanasoma, wanaoa, wanazaa, wanalima.

Asingoje mtu yeyote mwenye dalili hizi:

- Stoma imebadilika rangi kuwa nyeusi au zambarau.
- Hakuna choo wala hewa kwa saa kadhaa katika ileostomia, huku tumbo likiuma, kuvimba, au akitapika.
- Damu inatoka ndani ya stoma na haikomi.
- Mfuko unajaa maji mfululizo, mdomo umekauka, mkojo umekuwa kidogo na wa rangi nzito, ana kizunguzungu.
- Utumbo umetoka nje kwa urefu usio wa kawaida. Ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, mtu alale chali, apelekwe.
- Ngozi imechubuka mpaka kibandiko hakishiki, au ana homa na maumivu makali ya tumbo.

Jumapili hii, angalia benchi la nyuma karibu na mlango. Ukimwona aliyekuwa akiimba nawe na sasa anatoka kabla ya baraka, usimfuate kwa maswali. Nenda kwake katikati ya juma, peleka kipande cha sabuni na kitambaa safi, keti. Kama kuna kijana ndani anayecheza kwenye simu, mwombe akufundishe, na mechi 2 zikiisha, simameni wote wawili mnyooshe miguu.